Hodi Shingoni

Usiku ule nililala na harufu ya dawa mikononi, maana maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu mchana na sabuni bila maji haikusaidii kitu. Nililala kwa ubavu, kama kawaida yangu nikiwa na kazi ya asubuhi, wala sikutarajia mgeni. Mimi si mtu wa ndoto. Mama yangu akiota nyoka, hushinda siku nzima akiwapigia ndugu simu kuwauliza kama ni wazima, na mimi huwa namwambia kwamba ameshiba ugali karibu mno na kitanda. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba ndoto hii sikuitafuta. Ilinifuata.

Kazi ya asubuhi ilikuwa Mama Atupele. Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya wilaya, huku milimani ambako mvua haijui kupumzika na majani ya migomba yanapapasa vioo vya wodi. Mama Atupele ni mwalimu wa kwaya, mwanamke wa makamo, mwenye sauti ambayo hata akikuomba maji ya kunywa unahisi anakuanzishia wimbo. Alikuja kwetu na homa, tonsesi zimevimba, akimeza mate machozi yanamtoka. Nilimmulika kwa tochi. Nyuma ya tonsesi ya kulia, ukuta wa koo ulikuwa umetuna kuja mbele, laini na mwekundu. Niliingiza kidole nipapase. Akashikwa na kichefuchefu, akanisukuma mkono, kisha akaniomba radhi huku akilia, nami nikamwonea huruma. Nikamwambia basi, mama, hilo tutalishika kesho ukiwa umelazwa kwa dawa ya usingizi. Nikaandika kwamba ni jipu nyuma ya koo, na asubuhi litobolewe.

Hakuna aliyenipinga, wala sikujipinga mwenyewe. Majipu ya namna hiyo tunayaona, na ukiyachelewesha yanaweza kuziba njia ya hewa mtu akafa huku anakuangalia. Mashine ya kupiga picha za ndani ya shingo iko mji mkubwa, safari ya nusu siku kwa barabara ya kona na ukungu. Homa ilikuwepo, maumivu yalikuwepo, uvimbe ulikuwepo. Sista Sekela, anayesimamia chumba chetu cha upasuaji, akamweleza mama afunge, asile wala asinywe mpaka kazi iishe. Mama akauliza jambo moja tu.

"Daktari, sauti itarudi? Siku ya ubatizo watoto wananitegemea."

"Itarudi, mama. Usaha ukitoka utaimba mpaka wakuchoke."

Akacheka kidogo, akashika koo lake kwa uchungu. "Ndaga," akasema. Ndiyo asante ya kwao.

Kwa hiyo nililala na amani. Na ndani ya amani hiyo ikaja harufu ya iliki.

Ilikuja kabla ya kitu kingine chochote, kabla sijaona wala kusikia. Nikajua ni yeye. Nikajua kwa namna unavyomjua mtu wa nyumbani kwa mwendo wake kwenye veranda, na nywele za mikononi zikanisimama, maana Mwalimu Kibwana alikuwa amekufa miaka kadhaa nyuma. Nilikuwa nimemzika kwa simu, kama wengi tunavyozikana siku hizi. Nilituma rambirambi, nikaendelea na zamu.

Nieleze kidogo habari zake. Mwalimu Kibwana ndiye aliyetufundisha kupasua maiti mwaka wetu wa kwanza wa udaktari. Alikuwa mtu wa Pwani, mfupi, mwenye kofia ya kufuma na ulimi mkali, na alitafuna iliki kutwa ili asinuse dawa ya kuhifadhia miili. Katika ukumbi wake hakuna mwanafunzi aliyegusa kisu kabla ya kubisha hodi. Unaweka vidole viwili mahali unapotaka kukata, unapapasa polepole, kisha unasema, "Hodi." Mwalimu amesimama upande wa kichwa. Akiridhika na jinsi ulivyopapasa, anakujibu kwa niaba ya marehemu, "Karibu." Asiporidhika, ananyamaza. Unapapasa tena, unabisha tena. Ukibisha mara tatu na kimya kikaendelea, unaweka kisu chini na kuondoka mezani, kama ambavyo ungeondoka mlangoni kwa watu. Tulimcheka sana. Tulimwita Mzee Hodi. Mwenzetu mmoja alimwambia usoni kwamba haya ni mambo ya uswahilini yasiyo na kazi chuo kikuu, na Mwalimu akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Nyie mmelelewa wapi," akamuuliza, "mnaingia kwa watu na kisu?"

Nilipoanza kazi niliacha ile hodi. Kila mtu aliiacha. Mgonjwa akikusikia unabisha hodi juu ya tumbo lake atafikiri umerukwa na akili.

Basi harufu ya iliki ikaja, nikaamka ndani ya usingizi, nikawa nimesimama kwenye ujia wa hospitali yetu. Ilikuwa mchana. Mwanga ulikuwa mwingi lakini sikuona unatoka wapi, na vitanda vyote vya wodi vilikuwa vimetandikwa bila mtu. Nilitembea kuelekea chumba cha upasuaji. Nilijua nimechelewa. Majani ya migomba yalikuwa yamepenya madirishani, yakanigusa mashavuni, baridi na yenye maji, na kila nilipoyasogeza nilihisi yananisogeza na mimi. Nikatembea, na sakafu ikawa si ya kwetu tena. Ikawa ya saruji nyeusi yenye mfereji katikati. Natembea, na huu ni ukumbi wa Mwalimu.

Makoti meupe ya wanafunzi wenzangu yametundikwa ukutani. Wenyewe hawapo. Makoti yanapumua taratibu, yanajaa na kulegea, na mimi naona ni jambo la kawaida tu, nalisalimia la kwangu.

Mwalimu amesimama mahali pake. Kofia ileile. Mdomo unatafuna. Hanitazami.

"Umechelewa," anasema.

Nataka kumweleza habari za maji kukatika. Nataka kumwomba msamaha kwa kutokwenda mazikoni. Ulimi hauinuki. Tayari amekwisha kugeuka, anaelekea kwenye rafu, nami namfuata, maana ndivyo tulivyozoea, yeye mbele na sisi nyuma.

Rafu zile ni za kweli, nilizijua nikiwa na macho wazi. Alikuwa na chupa kubwa za kioo, na ndani ya kila moja shingo moja, imefunguliwa kwa upole, mishipa ya damu imejazwa rangi nyekundu. Kitabu huchora mishipa miwili mikuu, mmoja kila upande wa shingo, inapanda wima mpaka kwenye sakafu ya fuvu na kuingia ubongoni kwa tundu lake, safi kama bomba la fundi mzuri. Lakini miili haikusoma kitabu. Mwalimu alikusanya shingo ambazo mishipa yake ilikataa kupanda hivyo, akaziita wakaidi wangu, na alizipenda kuliko alivyotupenda sisi. Mkaidi mmoja mshipa wake ulijikunja kama goti. Mwingine ulijizungusha duara kamili kabla ya kufika juu. Mwingine hakuwa nao kabisa upande wa kushoto, na upande wa kulia ulikuwa umenenepa kwa kubeba kazi ya wawili. Yupo ambaye mshipa mdogo wa koo ulichipuka mahali pasipotarajiwa, karibu na fuvu, na ukiukata kwa kufuata kitabu utakuwa umekata kwingine. Wote waliishi hivyo, Mwalimu alituambia. Walilima, waliolewa, walizaa, wala hawakujua kama shingoni mwao kuna jambo.

Sasa katika ndoto anapita mbele ya chupa na kuzigusa kwa ukucha, mojamoja, na kila anayoigusa mshipa wake unaanza kupiga. Nyekundu inavimba na kunywea. Goti linajikunja na kukunjuka. Duara linajisokota. Rafu nzima inapiga, kila chupa kwa mwendo wake, na vioo vinagongana kwa sauti ndogo kama vikombe kwenye sinia. Nasema moyoni kwamba hawa wamekufa. Hapo Mwalimu ananitazama kwa mara ya kwanza, na macho yake hayana hasira, yana subira tu, ile subira iliyokuwa ikinitia hofu kuliko ukali.

Anasimama mbele ya chupa moja ya rafu ya pili. Haigusi. Naitazama, na siuoni mshipa. Upande wa kulia wa shingo, pale unapopaswa kuwa, kuna nafasi tupu yenye maji.

"Uko wapi?" namuuliza.

Mahali aliposimama hapana mtu.

Nageuka. Meza zote za ukumbi ni tupu, isipokuwa moja, na juu yake pana mtu aliyefunikwa shuka la kijani la chumba chetu cha upasuaji, lenye kiraka ambacho Sista Sekela alikishona mwenyewe. Nakwenda. Miguu haipigi kelele. Najua kabla ya kufunua, na bado nafunua, kwa sababu katika ndoto mkono hauniulizi.

Ni Mwalimu Kibwana. Amelala chali na kofia yake kichwani. Ameachama mdomo. Midomo imekauka, na kwenye kona yake kuna ganda la iliki.

Nikalia. Nasema wazi, nililia pale mezani kama mtoto, kwa sababu sikumzika, na kwa sababu alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Machozi yangu yanamwangukia shingoni, na mimi nayafuta kwa ncha ya shuka, namwambia samahani, Mwalimu, samahani.

Halafu namulika mdomoni. Sijui tochi nimeipata wapi. Namulika, na ndani ya kinywa cha Mwalimu kuna koo la Mama Atupele. Kimeo ni kile, tonsesi ni zile, na nyuma ya ile ya kulia ukuta umetuna, laini, mwekundu, umenisogelea. Unasubiri.

"Daktari," anasema Sista Sekela, "mgonjwa amelala."

Yuko upande wangu wa kulia, kitambaa usoni. Ananipa kisu kama anavyonipa siku zote, mpini kwanza. Kisu ni chepesi mno, na mkono wangu unakipokea kwa furaha. Hilo ndilo lililonitisha baadaye kuliko mengine yote. Mkono ulifurahi.

Nje ya dirisha, kati ya migomba, kwaya imesimama kwenye mvua. Wamevaa sare zao, majoho ya zambarau, yamelowa na kuwang'ang'ania miilini. Midomo yao yote iko wazi kwa pamoja, lakini hakuna sauti inayotoka. Wananitazama mimi. Wanasubiri wa kuwaanzishia.

Naweka vidole viwili juu ya uvimbe. Sikupanga kufanya hivyo. Vidole vinakwenda vyenyewe, vya yule msichana wa mwaka wa kwanza, vyenye wino kwenye kucha.

"Hodi," nasema.

Kimya. Natazama upande wa kichwa, pale anaposimama wa kutujibu, na hapana mtu, kwa sababu wa kujibu ndiye huyu aliyelala. Nani atanikaribisha? Natazama makoti ukutani. Hayapumui tena, yamebana pumzi.

"Hodi," nasema mara ya pili. Sauti yangu inakwenda chini, kooni humo, inashuka kama jiwe ndani ya kisima, na siisikii ikifika.

"Daktari, tukate," anasema Sista Sekela. Nikimtazama, kitambaa hakijaficha chochote, nyuma yake hakuna uso. Kisu kinasogea. Ukuta mwekundu unasogea pia, wenyewe, kukilaki.

"Hodi."

Hiyo ni ya tatu. Kimya ni kilekile, kizito, cha nyumba ambayo watu wamo ndani. Najua adabu inavyosema. Najua ninapaswa kuweka kisu chini na kuondoka. Lakini kwaya inanitazama, na nimeahidi sauti itarudi, na chumba kimeandaliwa, na mgonjwa amefunga. Kwa hiyo nabaki. Mlangoni pa watu, sijakaribishwa, nabaki.

Ndipo nikasikia kugongwa.

Kulianzia chini ya vidole vyangu. Du. Halafu du. Ukuta wa koo ulikuwa unagonga, kwa nguvu, bila haraka, kama mtu mzima mwenye haki ya kutoka. Zile chupa kwenye rafu zikaacha mwendo wao, mojamoja, zikafuata mwendo huu, mpaka ukumbi mzima ukawa unapiga pamoja, na maji ya mvua dirishani yakapiga, na meno yangu yakapiga. Nikajua umekwenda wapi ule mshipa wa rafu ya pili. Umetoka kando ya shingo, mahali pake pa kitabu, ukaegemea ndani na kujipitisha nyuma ya koo, na sasa uko hapa, unene wa kidole changu, nyuma ya ngozi nyembamba kama ya kitunguu.

Mwalimu akasema. Midomo yake haikusogea, mdomo ulikuwa umeachama vilevile na tochi yangu ndani yake, lakini sauti ilikuwa yake.

"Anayebisha ni aliyemo ndani. Ukimfungulia, hakuna wa kumrudisha."

Kisu kikanidondoka. Sikukisikia kikifika chini.

Niliamka, na kidole changu kilikuwa mdomoni mwangu mwenyewe, kimefika nyuma kabisa, nakaribia kutapika. Shuka lilikuwa limelowa. Nje kulikuwa kumepambazuka, mvua nyepesi, na bomba la jikoni nililoliacha wazi jana lilikuwa linakohoa na kutapika maji yenye kutu. Nikakaa kitandani nimeshika shingo, nahisi damu yangu ikipanda upande huu na upande ule, wima, kistaarabu, kama ya kitabuni. Nikajiambia huu ni ugali, daktari, amka ukaoge.

Lakini wakati naoga nikaikumbuka chupa. Si ya ndotoni, ile ya kweli. Rafu ya pili, karibu na dirisha. Mwalimu aliigeuza siku moja ili tuione kwa nyuma, na mshipa ulikuwa umeegemea nyuma ya koo kabisa. Alitupitisha wote tukauangalia, akasema huyu enzi za uhai wake angefungua mdomo, mngeona jipu. Tulikuwa na njaa siku ile. Nilitazama, nikaandika, nikaenda kula. Sasa mama yangu atasema Mwalimu alikuja. Mimi nasema kichwa changu kilikuwa kimeweka kitu, kikakitoa wakati wa shida. Ila yale maneno yake ya mwisho hakuyasema darasani, nimeyatafuta kila mahali katika kumbukumbu zangu na hayamo.

Sikunywa chai. Nilikwenda wodini na nywele mbichi.

Mama Atupele alikuwa ameketi kitandani, kitabu cha nyimbo mapajani, amejifunga khanga kifuani tayari kwa safari ya chumba cha upasuaji. Homa ilikuwa imeshuka kidogo kwa dawa za usiku. Nikamwambia nataka kumpapasa tena kabla hatujaenda. Macho yakamtoka, amekumbuka ya jana, lakini akakubali, na mimi nikampulizia dawa ya ganzi kooni, tukasubiri mpaka ulimi ukawa mzito. Dawa hiyo ilikuwepo hata jana.

"Fungua, mama."

Akafungua kama wafunguavyo waimbaji, mpaka mwisho. Nikaingiza kidole taratibu, kando ya ulimi, kupita tonsesi, nikakituliza juu ya uvimbe bila kubonyeza. Kwa mkono wangu wa pili nikashika kifundo cha mkono wake.

"Hodi," nikasema.

Lilinitoka kwa sauti. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza shingo kututazama.

Nikasubiri. Kwanza niliona sihisi kitu, ila joto na mate. Kisha ukuta ukanigonga kidoleni. Du. Na mkononi mwake, chini ya kidole gumba changu, du. Tena. Na tena, pamoja, bila kupishana, humu na kule. Halikuwa jipu. Ulikuwa mshipa mkuu wa damu ya ubongo wake, umeegemea nyuma ya koo kama ulivyoegemea tangu siku aliyozaliwa au tangu alipoanza utu uzima, wala hakuna aliyewahi kuuliza. Tonsesi zilikuwa zimeumwa kama tonsesi za mtu yeyote, zikavuta macho yetu pale. Ningetia kisu ningemuua. Hapa kwetu, kupitia mdomoni, hakuna mikono wala pamba ya kuzuia damu hiyo, na ingekwisha kabla sijaita jina la mtu. Nilitoa kidole polepole sana. Nikakaa kwenye kitanda chake bila kuomba ruhusa.

Sista Sekela akaingia na kitanda cha magurudumu, ana uso wake wote, namshukuru Mungu.

"Daktari, chumba kiko tayari."

"Leo hatukati, sista."

"Hatukati?"

"Vaa glovu uje ushike hapa. Usibonyeze."

Akavaa. Mama Atupele akafungua tena mdomo, mpole, hajui lolote. Sista Sekela ni mtu wa maneno mengi, amenifokea mara nyingi kwa kuchelewesha orodha ya asubuhi. Aliingiza kidole, akatulia, na nikaona rangi ya midomo yake ikibadilika. Akakitoa. Akatazama sinia la vyombo alilokuja nalo, akalifunika kwa kitambaa, akalisogeza nyuma ya mlango ambako mama hawezi kuliona.

Nikamweleza Mama Atupele kwamba hana jipu. Nikamwambia mshipa wake mmoja umepita njia yake mwenyewe, haudhuru kitu ukiachwa, na kwamba atapewa dawa za tonsesi na tutampeleka mji mkubwa akapigwe picha, na kuanzia leo hata akienda kung'olewa jino aseme kwanza ana mshipa mkaidi nyuma ya koo. Nikamwandikia hilo kwa herufi kubwa kwenye kadi yake. Alinisikiliza kwa makini, mkono shingoni. Sidhani kama alielewa jinsi tulivyokuwa tumekikaribia kifo, na mimi sikuwa na nguvu ya kumwambia asubuhi ile.

"Na sauti?" akauliza, ulimi bado mzito.

"Hakuna aliyeigusa."

Akatabasamu. Kisha akakumbuka kitu, akainamisha kichwa kwa haya.

"Daktari, unisamehe. Nilikusikia umebisha hodi. Nilitaka kukuitikia karibu, ila kidole chako kilinijaa mdomoni."

"Afadhali hukuitikia, mama."

Nilitaka kucheka, badala yake machozi yakanishuka, na nikayaacha. Mama Atupele akanishika mkono, akaupigapiga taratibu kama anayemtuliza mtoto, akidhani nina msiba. Labda nilikuwa nao. Nikamgeukia Sista Sekela.

"Mama huyu amefunga tangu jana. Mleteeni chai," nikamwambia. "Na mimi kikombe."

Akaileta mwenyewe, vikombe viwili kwenye sinia. Ilikuwa ya iliki, na huku kwetu jikoni hawatii iliki.